Uzani wa Mbili

Maribor, Januari, alfajiri ya saa kumi na moja.
Mto Drava umejifunika ukungu hadi shingoni,
na ndani ya friji namba nne imelala damu ya Bogomir Vrečko,
dereva wa gari la kukwangua theluji:
mililita tatu, kizibo cha kijivu,
jina limekunjwa likawa tarakimu sita.

Mimi tayari nilikuwa na mstari wangu.
Nukta nane za mofini, kuanzia mbili hadi mia tano,
na mstari umepita katikati yao
umenyooka kama uzi wa mwashi.
Sifuri nukta tisa tisa tisa!
Nikamwita Zdenka aje auone,
kama mtoto anayemwita mama atazame jino lililoota.

Hakuusifu. Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la koti.
"Hii mbili, ukiirudisha kwenye mstari wako,
inajiita ngapi?"

Nikapiga hesabu.
Nne na nusu.
Nikapiga tena. Hesabu haina haya;
mwenye kuona haya nilikuwa mimi.

Mwamba ngoma huvutia kwake,
na mia tano ana mikono mirefu:
akiteleza kwa kumi tu, mstari mzima humfuata,
mbili apige kelele hadi sauti imkauke,
nani atamsikia huko chini?

Tukaanza upya. Siku tano, kila kiwango mara sita,
kwa damu ya benki, safi, isiyo na kosa,
kosa tukalitia wenyewe, tone kwa tone.
Tukachora mabaki,
yaani pengo kati ya tulichotia na tulichosoma:
yakafunguka kama mdomo wa tarumbeta,
membamba kushoto, mapana kulia.
Kumbe makosa nayo hunenepa kwa kula.

"Basi kila mmoja apewe uzani wake," alisema Zdenka.
Moja juu ya x. Haikutosha.
Moja juu ya x kwa kipeo cha pili,
na tarumbeta ikafumba.
Mabaki yakatapakaa juu na chini ya sifuri
kama makombo baada ya mlo, ovyo,
na huo uovyo ndio tuliokuwa tukiutafuta.

Radovan wa zamu ya mchana alitaka mkunjo.
"Unazigusa nukta zote!"
"Hata nyoka hugusa kote anakopita," alijibiwa.
"Wewe uliza kama alikuwa na sababu ya kujipinda."
Tukauliza. Hakuwa nayo.

Bado hatukuuamini.
Marjeta wa ghorofa ya chini akatuandalia chupa kumi na mbili,
kiasi akakiandika kwenye karatasi, akaifungia mezani kwake,
kwa kuwa mstari haujisahihishii mtihani.
Kumi na moja tulizipata. Ile ya kumi na mbili
tuliikosa, tukaandika kwamba tumeikosa.

Ndipo tukafungua friji namba nne.

Tatu na nusu. Kizingiti ni tano.

Namba haikusema kwamba hana hatia;
namba haimjui mwendesha baiskeli,
wala ile njia panda, wala dawa ya kikohozi
aliyodai kunywa vijiko viwili.
Mahakamani wakili wa familia alisimama:
"Mliuchagua mstari huu kwa kuwa unamwokoa?"
Zdenka akamwonyesha tarehe.
Tulichagua Jumanne. Damu tuliigusa Alhamisi.

Hayo yote ni kweli, nami niliapa.

Ila usiku ule wa Alhamisi, wote walipokwisha kuondoka,
niliipitisha damu yake kwenye mstari wangu wa kwanza,
ule ulionyooka, ule mzuri.

Sita.

Nikazima kompyuta. Nje, gari la kukwangua theluji
lilikuwa likipita polepole, taa yake ya njano ikizunguka,
na dereva wake simjui.